Flaiwili ya Marehemu Selmer

Watu nilioolewa kwao wana adabu. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nawasema kwa ubaya. Wana adabu kiasi kwamba nyumba ikishika moto wataambiana "tangulia wewe" mpaka paa liwaangukie. Mimi nimetoka Milwaukee, kwa Wapolandi, ambako mwanamke akikuuliza kama umeshiba ameshakujazia sahani, na ukikataa anakutazama kana kwamba umemtukania marehemu wake. Nilipoolewa na Verlyn nikahamia huku kaskazini mwa Wisconsin, kwa watu ambao babu zao walitoka Norwe na mizigo miwili, samaki mkavu na ukimya, nilijipa miaka miwili ya kuzoea. Sasa imepita arobaini na bado nazoea.

Nianze na sheria yao, maana bila hiyo hadithi hii haina kichwa wala miguu. Huku mtu akikupa kitu, kahawa tuseme, unakataa. Akikupa mara ya pili unakataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu ruksa kupokea: nusu kikombe, kama tayari imechemka, usijisumbue. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Anayetoa mara ya nne anakutia aibu, na atasemwa kanisani, kwa upole. Ama kuomba, yaani mtu kufungua kinywa chake akasema "naomba", hilo halipo kabisa. Nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja, gari limezama kwenye theluji mpaka vioo, akiwapungia majirani waliopita mkono wa salamu.

Baba mkwe wangu, marehemu Selmer, aliacha mashine ya boti iliyotengenezwa kabla ya vita. Ni ile ya kubana nyuma ya boti, yenye gurudumu zito la chuma kichwani ambalo mafundi huliita flaiwili. Unaizungushia kamba, unavuta, na kama Mungu amekukubali siku hiyo mashine inakohoa, inatema moshi wa buluu, na ziwa zima linajua umeamka. Miaka nenda miaka rudi Selmer alikaa nyuma na mashine yake, na mkewe, Mama Borghild, alikaa mbele ameshika kofia.

Siku ya mazishi, kwenye chakula katika ukumbi wa chini ya kanisa, wanawe wawili walikaa kugawana vitu. Orlin, mkubwa, akamwambia Verlyn, "Mashine chukua wewe." Verlyn akasema, "Hapana, wewe ndiye mkubwa, chukua wewe." Kila mmoja alikuwa anaitaka mashine ile kuliko mtu yeyote alivyowahi kunitaka mimi. Orlin akatoa mara ya pili, Verlyn naye akatoa mara ya pili. Wakafika mara ya tatu pamoja, na hapo ndipo adabu ilipovunjika mguu, maana wote wawili walikuwa watoaji na hakuna aliyekumbuka kuwa mpokeaji. Kila mmoja akangoja mwenzake apokee. Mara ya nne haipo. Mchungaji akatangaza kwamba kahawa iko tayari, na mashine ikabaki haina mwenyewe. Mama Borghild alikuwa ameketi katikati yao na kipande cha keki mapajani, akigeuza kichwa huku na huku.

Mashine ikatundikwa kwenye banda la boti la Mama, pale ufukweni, na pale ikakaa miaka kumi na moja ikila unyevu. Ndugu hao hawakugombana. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa hawakugombana hata siku moja, kwa hiyo mimi sikulima wala sikuvuna. Walianza tu kuongea habari za mvua. Wanaishi barabara moja, huyu upande huu na yule upande ule, na kwa miaka yote hiyo hawakuambiana neno lisilohusu mvua, theluji au kulungu.

Sasa Mama Borghild ana miaka tisini na moja. Nyumba imepata mnunuzi, na Jumatatu alikuwa ahamie nyumba ya wazee ya mjini, mahali pazuri sana, kila chumba kina dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wiki moja kabla, tulipokuwa tunamfungia vyombo, akaweka sahani chini akamwambia mume wangu, "Verlyn, kabla sijaondoka nataka kuzunguka ziwa kwa mashine ya baba yako."

"Mama, tuna ile boti yetu ya kisasa. Ina viti vya kulalia na kivuli."

"Sikusema viti. Nimesema mashine ile. Nataka nizisikie kelele zake mara ya mwisho, niondoke bila majuto."

Nikaacha kufunga vyombo. Katika miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema "nataka". Hata siku aliyovunjika nyonga alituambia kwamba kama kuna mtu anakwenda upande wa hospitali, yeye hana haraka. Verlyn naye alishtuka, akajibu ndiyo papo hapo bila kumzungusha.

Basi akaishusha mashine, akaibana kwenye farasi wa mbao, ile stendi ya maseremala, bandani, akazungusha kamba akavuta. Haikutoa hata cheche. Cheche za mashine hiyo hutoka kwenye koili na platini, vifaa vyake vya umeme, na mtu aliyeiunda aliona mahali pazuri pa kuvificha ni chini ya flaiwili. Ukitaka kuvifikia, sharti flaiwili itoke. Nati yake ilifunguka vizuri, bila shida, na Verlyn akatabasamu. Akaishika flaiwili kwa mikono miwili akaivuta juu. Haikutoka. Ilikuwa imeikumbatia shafti, mhimili inaouzungukia, kwa kutu, na haikuonyesha dalili ya kuichoka.

Akamwagia mafuta ya kulegeza kutu. Akangoja, akavuta, akamwaga tena. Akaigonga ubavuni kwa nyundo na kipande cha mbao. Akaichemshia maji ya birika, akaimwagia, akapata mvuke usoni. Kufikia siku ya pili alikuwa amepata msaidizi, Maynard, jirani wa nyumba ya pili, ambaye alikuja na kiti chake cha kukunja, thermosi yake, na maoni yake. Maynard hagusi kitu. Anaumwa mgongo.

"Imeganda hiyo," akasema Maynard.

"Kidogo," akasema Verlyn.

"Nilikuwa na binamu yangu yake iliganda. Akaitupa."

Verlyn akaenda mjini akanunua pula ya dukani, chombo cha kung'olea magurudumu, yenye meno matatu ya kushika ukingo. Akaifunga, akakaza, akakaza, na meno mawili yakapinda kama vijiko vya bati huku kipande cha ukingo wa flaiwili kikikatika na kurukia ndani ya thermosi ya Maynard. Sikucheka. Nilikwenda kucheka nyuma ya nyumba.

Chombo kilichohitajika kilikuwepo, na kila mtu alijua kilipo. Selmer mwenyewe alikuwa ametengeneza pula ya mashine ile: bamba nene la chuma lenye matundu matatu, na bolti kubwa katikati. Unafunga bamba kwenye flaiwili kwa bolti tatu ndogo, unakaza ile kubwa inasukuma shafti chini, na flaiwili haina pa kwenda ila juu. Bamba hilo lilikuwa kwa Orlin. Lilikuwa limekwenda huko na sanduku la spana, ambalo Verlyn alimpa akapokea, mara ya tatu, kwa utaratibu.

Orlin alikuja alasiri ile. Alivuka barabara kwa gari lake la mizigo, mwendo ambao kuku angeumaliza kwa miguu, kwa sababu mtu akija kwa miguu ataonekana amekuja makusudi. Bamba lilikuwa nyuma ya gari, limelazwa juu ya gunia safi. Akashuka, akatia mikono mfukoni, akasimama mlangoni pa banda akilitazama ziwa.

"Mvua itanyesha," akasema.

"Huenda," akasema Verlyn.

"Imeganda, eh."

"Kidogo tu." Vidole vyake vinne vilikuwa vimefungwa plasta.

"Nina lile bamba la mzee hapo garini."

"Ah, usijisumbue, kaka."

"Lipo tu. Sikulileta makusudi."

"Hapana, nadhani inaanza kulegea."

Flaiwili haikuwa imesogea hata unene wa unywele. Nilizuia pumzi. Mbili zilikuwa zimepita, ilibaki moja, na Mama angezunguka ziwa lake. Orlin akavuta pumzi, akatazama maji, akatazama viatu vyake. Kisha akajipiga paja akasema, "Haya basi." Huku hiyo ndiyo kwaheri. Baada ya kuisema wanasimama nusu saa nyingine wakiongea habari za mvua, halafu ndipo wanaondoka.

Nikamfuata garini. "Shemeji, mbona hukusema mara ya tatu?"

"Nilishasema mara ya tatu. Mazishini."

"Ile ilikuwa mashine. Hii ni pula."

"Mashine ni ile ile, shemeji." Akafunga mlango taratibu, kwa adabu. "Nilisema mara tatu akanikataa mara tatu, mbele ya watu. Nikisema leo itakuwa ya nne. Mimi si mtu wa kujipendekeza."

Usiku nikaenda kwa upande wa pili wa vita hivi visivyo na vita. Nilimpikia Verlyn viazi vya kuoka na nyama, chakula anachokipenda, nikamwambia, "Kaka yako anayo pula. Mwombe."

Akaweka uma chini. "Jadwiga," akasema. Basi. Alisema jina langu tu, kama vile nimemwambia avue nguo madhabahuni.

"Mama anaondoka Jumatatu, Verlyn."

"Najua siku anayoondoka."

"Kwa hiyo akose kwa sababu wewe huwezi kusema neno moja?"

"Angetaka kunipa, angenipa."

Kulikuwa na usiku mmoja katika ndoa yetu niliotamani kumpiga mtu sufuria, nao ndio huo. Na hasira yangu haikuwa ya pula. Nilikuwa nimemwona Mama jioni ile akiwa dirishani, kati ya makasha yake, amevaa koti lake la botini. Hakukuwa na baridi. Alikuwa analijaribu kama bado linamwenea.

Kesho yake Orlin alikuja tena, na gari, na bamba juu ya gunia, na mvua itakayonyesha. Akatoa mara mbili akakataliwa mara mbili. Haya basi. Siku iliyofuata, hivyo hivyo. Maynard alizoea, akawa anasema "hapana, inaanza kulegea" kabla ya Verlyn. Mume wangu alikuwa ameshafikia hatua ya kuizungumzisha flaiwili. Alikuwa anaiambia maneno ambayo, kama angemwambia kaka yake hata nusu yake, tungekuwa tumemaliza siku nyingi.

Ijumaa mchana Orlin alipoegesha, sikungoja habari za mvua. Nilipita mbele yake, nikaenda nyuma ya gari, nikachukua bamba. Lina uzito wa mtoto mchanga, na zaidi kidogo. Nikalibeba mpaka bandani nikalibwaga mezani mbele ya Verlyn, kishindo kikamwamsha Maynard.

Maynard alisogeza kiti chake nyuma.

"Siwezi kutumia kitu ambacho mtu hakunipa," akasema Verlyn, akiliambia bamba.

"Mimi sijasema asitumie," akasema Orlin, akiliambia ziwa.

"Hakusema nitumie vilevile."

"Basi nalitumia mimi," nikasema. "Mimi ni Mpolandi, sina adabu, kila mtu anajua. Nipe spana."

Verlyn hakunipa spana. Alijua ningevunja kitu. Akafunga bamba mwenyewe, bolti tatu zikaingia kwenye matundu yake kama zimerudi nyumbani. Akakaza ile kubwa. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpaka farasi wa mbao akaanza kulia. Flaiwili ikakaa kimya.

"Ukizidi kukaza utakata bolti," Orlin akaliambia ziwa. "Hiyo inataka kugongwa sasa. Mmoja anainyanyua kwa flaiwili, mashine yote ining'inie, mwingine anagonga kichwa cha bolti. Pigo moja. Mzee alifanya hivyo."

"Nadhani naweza mwenyewe."

Naapa alijaribu. Alilegeza vibanio, akaingiza goti chini ya mashine, akaikumbatia flaiwili kwa mkono wa kushoto, akainua nyundo kwa wa kulia. Orlin alikuwa hatua chache tu kutoka pale, mikono mfukoni, na nilimwona mabega yakimtoka kwenda mbele kisha yakirudi, mbele kisha nyuma. Verlyn akapiga. Akapata kidole gumba. Hakupiga kelele, maana hawapigi kelele. Alisema, "Sawa," akakaa sakafuni.

Hapo ndipo tuliposikia chuma kikigonga mawe. Mama Borghild alikuwa anakuja na kile kigari chake cha kutembelea, anashuka ule mteremko wa nyasi na mawe ambao daktari alimkataza, na koti la botini mwilini. Nikakimbia kumshika, akanikwepa. Akafika mlangoni, akapumua, akawatazama wanawe wawili wenye mvi.

"Orlin, toa mikono mfukoni."

Akaitoa. Ana miaka sitini na tisa.

"Nyanyua hiyo. Verlyn, inuka, wewe gonga. Na mmoja wenu akisema 'hapana, wewe', nitalala humu bandani mpaka Jumatatu, waje wanichukue na panya." Kisha akageuka kwangu. "Jadwiga, tia lile godoro la mtumbwi chini. Ikiachia inaanguka. Baba yao alisahau mara moja ikanivunja kidole cha mguu."

"Kwani wewe ndiye uliyekuwa unanyanyua, Mama?"

"Ulidhani nani?"

Orlin akaishika flaiwili, akainyanyua mashine yote, uso ukawa mwekundu. Verlyn akasimama mbele yake. Nadhani hawakuwa wamesimama karibu hivyo tangu walipobeba jeneza. Verlyn akasema kwa sauti ndogo, "Usisogeze mikono, nisikugonge," na Orlin akasema, "Ukinigonga nitakwambia," na hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza yasiyohusu hali ya hewa wala pula kwa miaka kumi na moja.

Pigo lilikuwa moja. Ilisikika "ta", kavu, na mashine ikadondoka kwenye godoro, na Orlin akaenda chali na flaiwili kifuani, juu ya kiti cha Maynard, ambaye kwa mara ya kwanza wiki ile alilazimika kushika kitu. Verlyn akamtazama kaka yake pale chini. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Orlin naye akaanza, bado amelala, flaiwili ikipanda na kushuka juu ya tumbo lake.

"Si mbaya," akasema Mama. Kwa watu hawa hiyo ni nishani. Akageuza kigari chake akarudi kwenye makasha.

Chini ya flaiwili koili zilikuwa zimepasuka na platini zilikuwa kijani. Orlin alikuwa na nyingine kwake. Akaondoka kuzileta bila kuulizwa, akafika katikati ya barabara, adabu ikamkamata, akarudi kuuliza kama Verlyn atazihitaji. Verlyn akasema, "Ah, usi..." Mimi nikakohoa. "Lete," akasema mume wangu, na neno lile lilimtoka kwa taabu kuliko ile flaiwili.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wote kwenye gati. Majirani walikuja kwa bahati tu, kila mmoja na sinia lake la vitafunio alilokuwa amebeba kwa bahati. Mashine ilikuwa imebanwa nyuma ya boti ya mbao ya Selmer, imefutwa mpaka inang'aa, isipokuwa pale ukingo ulipokatika. Tukamshusha Mama botini taratibu, tukamkalisha mbele, mahali pake, na mimi nikaingia nimshike mkono. Ikabaki mtu wa kuendesha.

"Endesha wewe," akasema Verlyn. "Pula ilikuwa yako."

"Hapana, wewe ndiye uliyeitoa mashine bandani," akasema Orlin.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyeumia kidole."

Nikafumba macho. Nilikuwa nahesabu, mbili kwa huyu, mbili kwa yule, na kule mbele naiona mara ya tatu inakuja, wanaifikia pamoja kama walivyoifikia chini ya kanisa, na baada yake hakuna kitu. Nilipofumbua, Mama hakuwa mbele. Alikuwa amejiburuta juu ya mbao, kiti kwa kiti, mpaka nyuma, ameketi alipokuwa akiketi Selmer, na mkono wake uko juu ya mpini wa mashine.

"Jadwiga, fungua kamba ya gati."

"Mama?"

"Hiyo hapo. Fungua."

Mimi nikiambiwa fungua nafungua. Boti ikaanza kwenda yenyewe, taratibu. Juu ya gati wale wawili bado walikuwa wanapeana.

"Sasa zungusha hiyo nyingine kwenye flaiwili, uvute."

Nikazungusha, nikavuta. Mashine ikakataa. Nikavuta mara ya pili, ikakataa kwa sauti ya chini zaidi. Ya tatu ikakubali, maana nayo ni ya ukoo ule. Moshi wa buluu ukatufunika, kelele zikapiga msituni zikarudi, ndege wote wa ghuba wakaruka, na moshi ulipopungua nikaona gati liko mbali na wanaume wawili wazima wamesimama ukingoni, mikono inaning'inia, midomo wazi. Walionekana wamefanana sana.

Mama aliendesha kwa mkono mmoja. Hakushika kofia, ilikuwa imekwisha kuruka majini na hakugeuka kuitazama. Alipita karibu na rasi, karibu kuliko Selmer alivyowahi kuthubutu, akaizunguka kwa ustadi ambao ulinitia mashaka. Katikati ya ziwa akapunguza moto, kelele zikashuka mpaka mtu aweze kusema.

"Ulijifunza lini, Mama?"

"Sikujifunza. Nilikaa pale mbele miaka yote nikigeuza shingo kumtazama." Akaonyesha kiti changu kwa kidevu. "Alikuwa anakata kona vibaya."

"Lakini enzi za Selmer ulikuwa ukisema unazichukia kelele zake."

"Nilizichukia. Si ukikaa mbele ndipo zinapokujia zote?" Kule gatini walikuwa wanapunga mikono, sijui ni salamu au ni kutuita. "Siku ile ya mazishi nilikaa katikati yao. Chukua wewe, hapana wewe. Nilikuwa nangoja mmoja ageuke aniulize mimi. Mara moja tu, Jadwiga. Ningekubali ile ya kwanza."

Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa meza ya pili, nakata keki, mimi nisiye na adabu, na sikuuliza. Nikatazama mashine, ukingo wake uliokatika, kamba iliyolala miguuni mwangu.

"Petroli ipo ya kutosha," nikasema mwishowe. "Unataka tuzunguke te..."

"Ndiyo," akasema Mama, akaongeza moto.